Namna ya kumhudumia mfanyakazi wa ngono bila kumwekea sharti la kuacha kazi

Mtaalamu wa ustawi wa jamii anayeanza kuwahudumia watu wanaofanya kazi ya ngono mara nyingi huingia na swali ambalo hakuna aliyemtuma aliulize: nitamtoaje huyu katika kazi hii? Swali hilo huharibu huduma kabla haijaanza, kwa sababu anayefika mbele yako amekuja na shida anayoijua vizuri. Amefukuzwa katika chumba alichopanga, au mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, au amepigwa na mnunuzi wa ngono kisha akafukuzwa kituo cha polisi alipokwenda kushtaki. Ukiigeuza shida hiyo kuwa nafasi ya kumshawishi aache kazi, atakusikiliza kwa adabu, atapokea ulichompa, na hatarudi. Maelekezo yafuatayo yanasimama juu ya msimamo mmoja: msaada hautegemei ahadi ya kuacha kazi, na anayehudumiwa ndiye anayeamua hatua inayofuata.

Maneno kwanza

Kiswahili kina majina mengi kwa watu hawa, na karibu yote ni matusi. Anayesema "malaya", "kahaba" au "changudoa" ameshatoa hukumu kabla ya kumaliza sentensi, hata kama hakukusudia. Jina la kazi ya ngono lilianzishwa kwa Kiingereza na Carol Leigh, Mmarekani aliyeifanya kazi hiyo mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1970, na lengo lake lilikuwa kuelekeza macho kwenye kazi ambayo mtu anaifanya badala ya tabia anayodhaniwa kuwa nayo. Tofauti hiyo ina faida kwa mhudumu, kwa kuwa ukiitazama kama kazi utaanza kuuliza habari za usalama, mapato, saa na madeni, mambo ambayo unaweza kuyashughulikia. Hata hivyo wapo wasiopenda kuitwa hivyo pia, kwa hiyo muulize kila mtu anavyotaka kuitwa, wala usidhani kwamba wote ni wanawake.

Angalizo dogo: neno "mteja" katika fani hii lina maana mbili, na limewahi kuleta mkanganyiko katika kumbukumbu za kesi. Hapa nitasema "mhudumiwa" kwa anayepata huduma yako, na "mnunuzi" kwa anayemlipa.

Kumfikia, na mazungumzo ya kwanza

Tangazo lililobandikwa ukutani halitoshi kumwita mtu aliyezoea kudhalilishwa na ofisi. Njia iliyothibitika ni kuwatumia waelimishaji rika, yaani watu wanaofanya au waliowahi kufanya kazi hiyo. Mradi wa kuzuia VVU ulioanza mwaka 1992 katika mtaa wa Sonagachi mjini Kolkata, India, uliwapa wafanyakazi wa ngono wenyewe jukumu la kuelimisha wenzao, na kufikia mwaka 1995 walikuwa wameunda umoja wao, Durbar Mahila Samanwaya Committee. Waelimishaji hao walipwe. Anayekuongoza mitaani usiku anatumia saa ambazo angezitumia kutafuta kipato, na kumwita mtu wa kujitolea huku wewe ukipokea mshahara ni dhuluma ambayo wenzake wataiona mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, usimsimamishe mtu kwa mazungumzo marefu wakati wa kazi. Mwachie namba, kisha mkutane kwa saa anayoichagua yeye.

Mkikutana, eleza mipaka ya usiri kabla hajaanza kusimulia. Sheria inaweza kukulazimisha kutoa taarifa, kwa mfano mtoto anapokuwa hatarini, na mhudumiwa ana haki ya kuujua ukweli huo wakati bado anaweza kuchagua la kusema. Baada ya hapo uliza jambo lililomleta leo, kisha nyamaza. Usimuulize alianzaje, anakutana na wanunuzi wangapi, wala kama wazazi wake wanajua, isipokuwa jibu linahitajika kwa shida aliyoileta. Mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nikijaza fomu ndefu katika kikao cha kwanza kwa kuamini kwamba ndio umakini, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba waliokuwa hawarudi walikuwa wamehojiwa tu, hawakuhudumiwa.

Faili pia linaweza kumdhuru. Mahakama inaweza kuamuru litolewe, na mwenzako anayelisoma anaweza kuwa jirani yake. Andika yanayohitajika kwa huduma tu, tumia namba mahali pa jina pale taratibu zinaporuhusu, na usiandike kazi yake ikiwa shida yake ni pango la nyumba. Muulize pia ni nani mwingine anayeishika simu yake, saa zipi zinafaa kumpigia, na ujitambulishe vipi akipokea mtu mwingine.

Sheria: jua hasa kinachokatazwa

Watu wengi, wakiwemo maofisa wa serikali, husema kwa jumla kwamba kazi hii "ni haramu", ilhali sheria za nchi hutofautiana sana. Kuna nchi zinazomwadhibu anayeuza, na kuna nchi ambako kuuza kwenyewe si kosa lakini kutafuta wanunuzi hadharani, kuendesha danguro, au kuishi kwa mapato ya mwingine ni kosa, na kosa hilo la mwisho huweza kumnasa hata ndugu anayelelewa kwa fedha hizo. Sweden tangu mwaka 1999 inamwadhibu mnunuzi na kumwacha muuzaji, ingawa wafanyakazi wenyewe katika nchi zenye mfumo huo wameeleza kwamba mnunuzi mwenye hofu huharakisha mapatano, nao hubaki na muda mfupi wa kupima kama ni mtu salama kabla ya kuondoka naye. New Zealand iliondoa makosa hayo mwaka 2003 na kuiweka kazi hii chini ya sheria za kawaida za kazi na afya, kiasi kwamba mwaka 2014 mfanyakazi wa danguro alishinda shauri la unyanyasaji wa kingono dhidi ya msimamizi wake na kulipwa fidia. Lakini hata huko anayeishi kwa viza ya muda haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Ubelgiji imekwenda mbele zaidi, kwani tangu Desemba 2024 mfanyakazi mwenye mkataba ana likizo ya uzazi na haki ya kumkataa mnunuzi bila kufukuzwa kazi. Naamini kuondoa adhabu ndiyo njia iliyo salama zaidi, lakini mhudumiwa wako anaishi chini ya sheria iliyopo leo, na hiyo ndiyo unayopaswa kuisoma kifungu kwa kifungu pamoja na mwanasheria.

Angalia hasa sheria ndogo za miji na makosa ya uzururaji, kwa kuwa mara nyingi kukamatwa huanzia huko. Mhudumiwa aujue mapema wajibu wake wa kutaja jina, haki yake ya kunyamaza juu ya mengine, haki ya kuambiwa kosa lake, na muda ambao polisi wanaweza kumweka mahabusu kabla ya kumfikisha mahakamani. Awe ameikariri namba ya wakili au ya msaidizi wa kisheria, maana simu huchukuliwa. Umwandae pia kwa shinikizo la kukiri kosa dogo ili aachiwe haraka, kwani rekodi hiyo inaweza kumzuia baadaye kupata ajira au kubaki na mwanawe. Katika nchi kadhaa polisi wamezitumia kondomu kama ushahidi, na matokeo yake ni kwamba watu huogopa kuzibeba. Hilo lipelekwe kwa wakuu wa polisi na wa afya kwa pamoja, kwa maandishi, likiwa na matukio yaliyokusanywa bila majina.

Anapofanyiwa ukatili

Mwambie bila kuzungukazunguka kwamba kulipwa si ridhaa ya kila kitu, na kwamba kubakwa ni kubakwa hata kama alikuwa kazini. Wengi wameambiwa kinyume chake mara nyingi mno hadi wanaomba radhi kabla ya kusimulia.

Saa ndizo zinazopanga kazi yako. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianzwe mapema iwezekanavyo, zisizidi saa 72 tangu tukio, na hunywewa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi siku 5, ingawa kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Matibabu ya magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina ya B vijadiliwe hapohapo. Ikiwa anataka kuhifadhi ushahidi, asioge wala asifue, na nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu unaoharibu ushahidi. Kama ameshaoga, bado aende hospitali. Fuatana naye, maana barua ya rufaa pekee humwacha peke yake mbele ya mapokezi, na wengi hugeuka hapohapo na kuondoka. Uamuzi wa kushtaki ni wake, na matibabu yasisubiri taarifa ya polisi.

Zaidi ya tukio moja, saidieni kuwa na orodha ya tahadhari, utaratibu ulioanzishwa na wafanyakazi wa ngono mjini Melbourne, Australia, katika miaka ya 1980. Mwathirika hueleza sura ya mshambuliaji, gari na alivyojitambulisha, kisha maelezo husambazwa kwa wenzake bila kumtaja aliyeyatoa. Orodha hiyo iangaliwe na mwanasheria ili isije ikamchafua asiyehusika.

Nyaraka, fedha na watoto

Hapa ndipo ustawi wa jamii huleta mabadiliko ya haraka, ingawa ni kazi isiyo na sifa. Kitambulisho humfungulia mtu benki, hospitali na upangaji. Cheti cha mtoto humwingiza shule, kwa hiyo uliza mapema kama kinaweza kupatikana bila jina la baba. Anayekataliwa na benki anaweza kuweka akiba na wenzake. Wale wa Kolkata waliunda ushirika wao wa akiba na mikopo mwaka 1995 ili kuepuka wakopeshaji wa riba kubwa. Kuhusu watoto, kazi ya mzazi pekee si ushahidi wa kumtelekeza mtoto, na hilo liandikwe wazi katika taarifa yako mtu akitaka kumnyang'anya mama mwanawe. Eleza mtoto anakula wapi, nani hukaa naye usiku, na anahudhuriaje shule.

Aliye chini ya miaka 18, na aliyelazimishwa

Maelekezo ya juu yanamhusu mtu mzima. Chini ya Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, mtu aliye chini ya miaka 18 aliyesafirishwa, kuhifadhiwa au kupokelewa ili atumikishwe kingono ni mwathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, na wajibu wako ni kumlinda kwa taratibu za ulinzi wa mtoto, bila kumtendea kama mhalifu. Kwa mtu mzima tazama kama nyaraka zake zinashikiliwa na mwingine, kama deni haliishi, kama fedha haimfikii, kama hawezi kutoka peke yake. Usilinganishe kila mhamiaji na aliyeuzwa, na usikimbilie kuita msako unaowakumba wote, kwa kuwa wafanyakazi wa ngono wenyewe ndio mara nyingi hutambua kwanza mwenzao aliyefungiwa, nao hawatakuambia tena baada ya kukamatwa.

Akitaka kuacha

Akilileta jambo hilo yeye, lipe uzito wote. Hesabuni pamoja anachopata kwa mwezi, wanaomtegemea na madeni, kabla ya kuzungumzia mafunzo yoyote. Kumpa mtu cherehani na miezi 6 ya kujifunza bila posho ni kumtaka ale nini katika miezi hiyo? Wengi hupunguza kazi hatua kwa hatua, na wengine hurudi mtoto anapougua au kodi inapopanda. Akirudi, mpokee kama ulivyompokea siku ya kwanza, uliza kilichotokea ili mpango urekebishwe, acha faili wazi, na mwandike tarehe ya kukutana tena.