Peni mpya ya wino inakwaruza? Usikimbilie msasa

Peni ya wino ukiishika mara ya kwanza unasema hii sasa ndo kalamu, mwili wa chuma, uzito wa maana, kofia inafunga kwa mlio mzuri, halafu unaweka wino unaandika jina lako na herufi ya kwanza haitoki kabisa, ya pili inakwaruza, ya tatu inamwaga. Yangu ni ya Kichina ya bei poa, nibu (ile ncha ya chuma inayoandikia) ya chuma cha pua saizi namba 6, na ilikuja hivohivo. Watu wengi hapa ndo wanaanza kusaga nibu na msasa. Msasa ni wa mwisho kabisa, na mara nyingi hata haufiki zamu yake.

Anza na kuosha. Nibu na fidi (kile kiplastiki cheusi chenye mikunjo chini ya nibu) vinaweza kuja na mabaki ya mafuta ya kiwandani, na wino hauelewani na mafuta. Maji ya kawaida, tone moja la sabuni ya vyombo, vuta na sukuma kwa konvata (kile kipampu cha ndani cha kuvutia wino) mpaka uchoke, kisha suuza kwa maji matupu. Maji ya moto hapana, yanapindisha fidi. Isimamishe nibu chini kwenye tishu ikauke usiku kucha.

Wino nao. Usiweke wino wa mhuri, wala wa printa, wala ule wa kuchorea wenye gundi ndani, ukikauka mle umeua fidi. Tafuta wino wa peni za wino, kwa mfano Quink ya Parker ipo tangu 1931 na haina makuu. Na usijaribie kwenye daftari la karatasi nyepesi, wino unasambaa kama mizizi halafu unailaumu nibu bure.

Halafu kuna mkono. Sisi tumekulia kwenye biki, tunasimamisha kalamu na kukandamiza. Hii unailaza kidogo, nyuzi 45 hadi 55 hivi, na hukandamizi kabisa, uzito wa peni wenyewe unatosha. Nibu nyingine "mbovu" zinapona hapahapa.

Bado inakwaruza? Sasa tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, bila hiyo unabahatisha tu. Iangalie ncha kwa mbele, utaona meno mawili na mpasuko katikati. Kama jino moja limepanda juu ya mwenzake ndo ugonjwa wenyewe, na dalili yake kwenye karatasi ni kwamba ukienda upande mmoja inakwaruza, ukirudi ni laini. Dawa ni kucha ya dole gumba: lile jino lililo juu lisukume chini kidogo sana, achia, angalia kwenye lenzi, rudia. Chuma kinarudi kama springi kwahiyo lazima upitilize kidogo, lakini kidogo kweli, usiwe na haraka. Mimi naona hii hatua ndo utamu wote wa kumiliki peni ya hivi, ile siku meno yanalingana na mkono unateleza unajisikia fundi.

Kama ni laini ila wino unakuja kwa kusuasua, basi mpasuko umebana. Wino hausukumwi, unanyonywa kwenye ule mpasuko, ukibana sana haupiti, ukiachana sana unakatika. Pitisha kipande cha shaba nyembamba sana kuanzia kwenye kile kitundu cha katikati ya nibu kuelekea nchani, taratibu. Wembe usiguse, una unene wa karibu milimita 0.1, kwa ncha hiyo ni mwingi na kingo zake zinakwangua.

Msasa una kesi moja: meno yamelingana, wino upo, lakini mstari wa kwanza unagoma mpaka ukandamize. Hapo ncha imeviringishwa kupita kiasi kiwandani, kingo za ndani za mpasuko hazigusi karatasi. Tumia ule msasa laini wa kung'arishia, namba 12000, siyo wa maji wa mafundi rangi hata kama umeandikwa 2000. Peni iwe na wino, chora namba nane chache juu ya msasa bila kukandamiza, jaribu kwenye karatasi, ndo uamue kama unaendelea. Kilichosagwa hakirudi, na waranti kama ilikuwepo imeondoka nayo.

Ikishindikana kabisa, nibu nyingi za namba 6 zimechomekwa tu. Shika nibu na fidi pamoja kwa kitambaa, vuta moja kwa moja bila kunyonga, weka nyingine ya saizi hiyo. Ila ukinunua ya Kijapani jua F yao (nibu ya mstari mwembamba) kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Ulaya, kwahiyo kama unapenda mstari mnene chukua M (ya kati).