Namna ya Kuandika Riwaya ya Mtoto Anayerudi kwa Mzazi Aliyepoteza Kumbukumbu

Anayetaka kuandika riwaya ya mtoto anayerudi nyumbani na kumkuta mzazi ameanza kupoteza kumbukumbu hana budi kuufahamu kwanza ugonjwa wenyewe, kwa sababu mzee anayesahau kila kitu kwa mpigo mmoja haaminiki. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha hali hii, kwa kawaida huanza kufuta mambo ya karibuni na kuyaacha ya zamani: mzee hakumbuki kama amekunywa chai, lakini anazitaja stesheni zote za kutoka Tanga hadi Moshi bila kuruka hata moja.

Tuseme baba huyo alikuwa mkuu wa stesheni Korogwe kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977. Usiku wa manane anaamka na kupapasa uvunguni akitafuta taa ya kusimamishia treni. Usiandike kwamba "alidhani yuko kazini", maana hapo unamsimanga pamoja na msomaji. Mwache aseme, "Treni inaingia na mimi sina taa," kwa -na-, na binti yake amjibu kwa -li-, "Baba, ulistaafu zamani." Ugomvi wote wa riwaya umo katika viambishi hivyo viwili, na sura ya kati, kwa maoni yangu, ni ile ambayo binti anaacha kusahihisha, anachukua tochi na kwenda kusimama na baba yake barazani.

Lugha yetu ina mtego mwingine ambao ni hasara kutoutumia. Binti aliyepewa jina la bibi yake huitwa "mama" na baba yake tangu utotoni. Siku baba anaposema, "Mama, nimerudi, nipe chakula," msomaji hatajua kama ni mapenzi ya siku zote au ni mtoto wa miaka saba anayezungumza na marehemu mama yake, na binti naye hatajua. Usimfafanulie yeyote.

Salamu nazo zitazame kwa makini, kwa kuwa adabu iliyozoeleka hudumu muda mrefu kuliko majina. Mgeni akibisha hodi na kutoa shikamoo, mzee ataitikia marahaba, ataulizia watoto, mvua na shamba kwa ufasaha, hata mgeni aondoke akisema kwamba mzee ni mzima kabisa, kisha mzee atageuka na kuuliza, "Yule ni nani?" Wanaoishi naye tu ndio husikia swali hilo, na kwa sababu hiyo ndugu aliyebaki nyumbani, anayefua mashuka kila asubuhi, humchukia kidogo yule anayetuma pesa kwa simu na kutoa ushauri. Chuki hiyo mpe nafasi kubwa kuliko machozi.

Kuhusu majirani, usiwafanye wajinga. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliowahusu watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na hali hii ya kupoteza kumbukumbu (dementia), kwa hiyo kijiji kinaijua hali yenyewe hata kama kinaiita uzee, jini au kurogwa. Kama mzazi ni mama, kumbuka kwamba katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mama anayezurura usiku akiongea peke yake ana jambo la kuogopa zaidi ya kupotea njia.

Mwisho ndio huwashinda wengi. Ugonjwa huu haurudi nyuma, hivyo tukio la mzee kumtambua mwanawe ghafla katika ukurasa wa mwisho litanuka uongo. Mwandishi wa riwaya yetu ya Korogwe anaweza kumaliza na binti akibadilisha betri za tochi saa kumi na mbili jioni, wakati ambao wagonjwa wengi huanza kuhangaika, na kuiweka uvunguni mahali ambapo mkono wa baba utaifikia.