Usipandishe kisanduku kimoja peke yake

Mnaorekebisha injini kwa TunerStudio (programu ya kubadilisha mipangilio ya kompyuta ya gari), kabla hujagusa namba yoyote kwenye jedwali la VE (visanduku vya namba zinazoiambia kompyuta injini inavuta hewa kiasi gani, ili ijue mafuta ya kumwaga), hifadhi faili jipya lenye jina linaloeleweka: tarehe, halafu ulichobadilisha. "Mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa" zilinipotezea Jumamosi nzima.

Namba zenyewe usizikisie. Zima kwanza masahihisho ya sensa ya oksijeni, la sivyo kompyuta ya gari inakurekebishia kimyakimya na rekodi inakudanganya. Kisha chukua namba iliyopo, zidisha kwa uwiano wa hewa na mafuta uliopimwa, gawanya kwa ule unaoulenga. Tuseme kisanduku cha mizunguko 2500 kwa dakika na shinikizo la hewa inayoingia la kPa 60 kina 62, lengo ni 14.7, sensa imesoma 15.4. Mafuta yalikuwa machache: 62 × 15.4 ÷ 14.7, weka 65.

Ila injini mara nyingi iko katikati ya visanduku vinne, na kompyuta inakadiria kutoka kwa vyote vinne, kile cha karibu kikiwa na uzito zaidi. Ukiinua kimoja tu unajenga kichuguu, na gari linashtuka kila ukipita hapo. Fungua picha ya 3D, tazama mteremko, majirani nao uwavute kidogo. Visanduku ambavyo injini haijawahi kufika usiviache bondeni, vifuatishe mlima.

Halafu bonyeza Burn, kitufe cha kuhifadhi namba ndani ya kompyuta ya gari. Ukizima swichi kabla ya hapo, kompyuta ya gari inarudi kwenye namba za zamani.