Kanga ya bibi: kuifunga, kubebea na kuitunza

Kanga moja ya bibi ilimsitiri asubuhi, ikaepua sufuria mchana, na jioni ikambeba mjukuu mgongoni. Iliyaweza yote hayo kwa kuwa ilikuwa ya pamba. Ya poliesta huteleza kwenye fundo, hainywi jasho, na ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Ukitaka kujua uliyonayo ni ipi, chomoa uzi mmoja ukingoni uuwashe: pamba huacha jivu laini, poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu.

Doti, yaani jozi ya kanga, huuzwa ikiwa haijakatwa, na kila kipande kina takriban sentimita 150 kwa 110. Kata katikati ya pindo mbili zinazokutana, kisha pinda zile pande fupi tu. Pande ndefu hazifumuki. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi. Kanga mpya ina wanga, kwa hiyo ni ngumu, na fundo lake hufunguka.

Kwa kazi za nyumbani, jifunge kibwebwe: ikunje kwa urefu mpaka ibaki upana wa kiganja, izungushe kiunoni juu ya gauni, kaza, uchomeke ncha. Ncha inayoning'inia karibu na jiko la mkaa ni hatari. Na usiepue chungu kwa kanga iliyolowa, maana joto hupenya kwenye maji haraka ukaungua.

Mbeleko ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Tumia kanga iliyokwisha kulainika, na mtoto awe ameshakaza shingo. Inama mgongo ulale, mwenzako akuwekee mtoto katikati, miguu yake ikikukumbatia kiuno. Tandaza kanga juu yake, ukingo wa juu ufike kwapani mwake, ncha mbili zipite chini ya makwapa yako, ukaze na kufunga fundo mara mbili juu ya matiti. Kisha vuta ukingo wa chini uingie chini ya makalio yake, ncha zake uzifunge kiunoni. Magoti yawe juu kuliko makalio. Mtoto akiteleza, kosa huwa hapa chini: kitambaa kimeishia mapajani. Kabla hujanyooka, mwenzako ahakikishe pua na mdomo viko wazi.

Ngata, ile duara ya kitambaa ya kuwekea mzigo kichwani, ni rahisi. Sokota kanga kuukuu toka pembe hadi pembe, izungushe kwenye vidole vinne, mkia uupitishe ndani ya duara mara mbili tatu. Ikilegea, ndoo itayumba.

Pesa hufungwa kwenye pembe ya pindo, fundo moja, kisha hufutikwa kibindoni.

Ianike kivulini, ndani nje, kwa kuwa jua kali hupausha rangi. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiitie kabisa: hula rangi na kudhoofisha nyuzi. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ukichanika, weka kiraka kwa nyuma kabla ya kufua tena, kwani tundu hupanuka majini.