Wii ya mtumba, gemu za sarafu: ninavyoifungua hapa Mbeya

Gemu za kutumbukiza sarafu, kama Street Fighter II ya mwaka 1991, zinacheza vizuri kwenye Wii kuukuu, ile mashine ya gemu ya Nintendo, ukiifungua ikubali programu zisizo za Nintendo. Kazi yenyewe ni ya jioni moja.

1. Anza na adapta. Igeuze usome maandishi ya chini kabla ya kuchomeka. Wii yangu ya kwanza niliipata soko la Mwanjelwa, adapta yake ya Japani ya volti 100. Nikaichomeka kwenye 230 zetu: pu! harufu ya plastiki, kwisha. Bahati Wii ilipona. Inataka volti 12, ampea 3.7, tafuta adapta ya Ulaya.

2. Kagua toleo. Fungua Wii Settings; juu kulia isomeke 4.3. Rekebisha tarehe hapo hapo, maana Wii ya mtumba mara nyingi betri ya saa imekufa. Kisha ingia Internet, halafu Console Information, unakili anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya Wii yako kwenye mtandao).

Sensa (ule upau wa kuweka mbele ya TV ili rimoti ielekeze) haikuja nayo? Washa mishumaa miwili mbele ya TV, iachane kama sentimita 20. Rimoti inafuata mwanga wa infraredi tu, haijali unatoka wapi. Usichome pazia.

3. Andaa kadi ya SD. Ifomatiwe kwa FAT32, isizidi GB 32. Kwenye tovuti ya HackMii jaza MAC na herufi ya eneo iliyo baada ya 4.3 (E ya Ulaya, U ya Marekani au J ya Japani), upakue LetterBomb, faili linalojifanya barua ili kuifungua Wii. Fungua zipu, vilivyomo vikae juu kabisa ya kadi, visiwe ndani ya folda nyingine.

4. Fungua barua. Chomeka kadi, bonyeza alama ya bahasha, utafute barua nyekundu yenye bomu. Ikikosekana, angalia ya jana. Ibonyeze, halafu sakinisha Homebrew Channel (ya kufungulia programu zisizo za Nintendo) na BootMii (ya kuchukulia nakala ya memori).

5. Kwa BootMii, chukua nakala ya NAND, yaani memori ya ndani ya Wii. Wengi wanairuka hii wakawahi gemu; wakiharibu kitu wanaleta Wii mfu kwa fundi. Memori hiyo ni MB 512, kwa hiyo acha nafasi kwenye kadi. Umeme ukikatika katikati, rudia tu: hapo inasoma, haiandiki.

6. Weka RetroArch, programu ya emuleta (inayoiga mashine za gemu za zamani), ndani ya folda ya apps kwenye kadi. Kwa gemu za enzi hizo za Capcom, waliotengeneza Street Fighter II, chagua ndani yake Final Burn Alpha 2012 ya CPS-1 (bodi ya Capcom ya gemu hizo). Hapa ndipo simu zinapoanza kulia: "Fundi, gemu haifunguki!" Karibu kila mara kosa ni zipu ya gemu. Usiifungue wala kuibadili jina, sf2.zip ibaki sf2.zip. Kila faili ndani yake ni nakala ya chipu moja ya bodi halisi, na emuleta inazikagua moja moja. Zipu ya toleo jingine inakataliwa. Gemu zina wenyewe pia, kwa hiyo usizifungulie kibanda cha kulipisha.

7. TV. Kama una ya chogo, usiitupe. Weka 240p (picha ya mistari 240, kama ya gemu za zamani) kwenye mipangilio ya video, tumia waya wa njano, uzime kichujio cha kulainisha picha. Kwenye flati, weka uwiano wa 4:3, la sivyo Ryu, mpiganaji wa Street Fighter, anakuwa mnene kama gunia la viazi.