SOMO: Kaa wa kizimba wanadhoofika? Msome kaa kabla ya kulaumu mbegu

Wanaonenepesha kaa koko kwenye mahori yetu wanakijua kisa hiki. Kaa anaingia kizimbani mtupu, yaani hana nyama ya kutosha ndani ya gamba, analishwa mwezi mzima, anatoka bado mtupu. Lawama humwangukia aliyeuza mbegu, yaani hao kaa wa kunenepesha. Mara nyingi kosa liko majini, na maji machafu hayaui kwa siku moja.

Hatua ya 1: Mtoe mmoja, umtazame. Funga magando kwanza, vidole ni vyako. Madoa ya kutu au meusi yenye vishimo kwenye gamba ni kazi ya bakteria wanaokula gamba, na hao hustawi penye uchafu. Vile vikombe vyeupe vinavyoota kwenye mkuku wa mashua navyo vina habari: kaa hajajivua gamba muda mrefu. Kwa kaa mkubwa mzee hilo ni kawaida. Kwa mdogo, kuna jambo.

Hatua ya 2: Fungua matamvua, viungo vya kaa vya kupumulia. Hapa ndipo penye ukweli, nami naomba usiruke. Mchague aliye taabani, mlaze kwenye barafu mpaka azimie, kisha inua gamba la mgongoni. Matamvua mazima ni meupe au ya rangi ya krimu. Yakiwa ya kahawia au meusi, yenye utelezi na tope, kaa huyo amekuwa akivuta pumzi kwa shida kwa wiki kadhaa. Na tamvua si la kupumulia tu: ndilo linalotoa amonia, taka yenye sumu, mwilini na kurekebisha chumvi. Likiziba, hamu ya kula inapungua, na akifika wakati wa kujivua anakwama nusu ndani nusu nje, akafa.

Hatua ya 3: Nenda alfajiri. Oksijeni huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Ukikuta kaa wamepanda juu ya kizimba wakitoa povu mdomoni, oksijeni imepungua, usingoje kipimo. Mwenye kipimo alenge miligramu 5 za oksijeni kwa lita au zaidi. Angalia pia maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu: bamvua, yanapojaa na kupwa sana, husafisha hori, lakini siku za maji mafu uchafu hubaki palepale.

Hatua ya 4: Pima chakula. Uchafu mwingi tunautupa wenyewe. Kaa 40 wa nusu kilo ni kilo 20. Kwa asilimia 5 ya uzito wao, kilo moja ya matumbo ya samaki kwa siku inatosha. Mpe jioni, maana kaa hula usiku, na asubuhi toa masalia yote.

Hatua ya 5: Hama. Kizimba kikikaa chini ya mfereji wa maji taka, hakuna ufundi utakaokusaidia.

MASWALI

Mwanachama, Kwale: Mwalimu, nikimwaga chokaa?
Jibu: Kwenye hori itachukuliwa na maji, umetupa pesa. Kwenye bwawa pima kwanza pH, yaani kiwango cha asidi au alikali. Maji yakiwa tayari ya alikali na ya moto, chokaa huifanya amonia iwe kali zaidi.

Mwanachama, Mtwara: Bwawa langu nimechimba nyuma ya mikoko, maji yamekuwa mekundu kama kutu, na hakuna kiwanda huku.
Jibu: Pole, ndugu. Ni udongo wenyewe. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa. Likichimbwa na kupigwa hewa hutoa asidi, na chuma huganda kwenye matamvua. Jaza maji, yakae, toa, rudia mara kadhaa, na kingo zisikauke. Hapo ndipo chokaa inapofaa.

Mwanachama, Mombasa: Wa kwangu wametoka hori ya Tudor, penye maji taka ya mji. Nikiwaweka maji safi siku tatu, niuze?
Jibu: Tope litapungua, na baadhi ya vijidudu. Metali nzito, kama kadimiamu, haziondoki kwa siku tatu wala kwa kuchemsha. Hukusanyika hasa kwenye ule uji wa njano ndani ya gamba, ambao walaji wengi huupenda. Mimi nisingeuza.

Mwanachama, Kwale: Na huyo niliyempasua, naweza kumla?
Jibu: Aliyekuwa taabani? Mfukie, mzee wangu.