Somo: Kuchota data za mitandao ya kijamii bila kugongana na 429

Wakuu, habari za kazi.

Kila anayeandika programu ya kuchota machapisho kutoka mitandao ya kijamii hukutana mapema na namba 429. Iliingizwa rasmi mwaka 2012 kwenye taratibu za HTTP, lugha ambayo programu na seva huongea kwenye wavuti, na maana yake ni kwamba umeomba mara nyingi kupita ulivyoruhusiwa. Wengi wakiiona huweka time.sleep (amri ya Python ya kusubiri) ya sekunde moja kila baada ya ombi, wakaendelea kwa kubahatisha. Kubahatisha huko kunaua kazi nzuri. Mwanafunzi anakosa data ya utafiti wake, au boti ya kikundi inanyamaza katikati ya usiku na hakuna anayejua kwa nini.

Nashikilia mambo mawili. Kwanza, seva yenyewe mara nyingi inakwambia umebakiza kiasi gani, kwa hiyo isome. Pili, sehemu kubwa ya maombi tunayotuma hayakuwa na haja ya kutumwa. Mifano yangu mikuu ni Mastodon na YouTube, kwa sababu kila mmoja una mtindo wake wa kuhesabu.

Hatua ya 1: Jua wanahesabu nini

Kabla hujaandika mstari wowote, tafuta kwenye nyaraka za mtandao husika kitu kinachohesabiwa na anayehesabiwa. Mastodon, mtandao unaoendeshwa kwa seva nyingi huru, kwa mipangilio yake ya kawaida, inaruhusu maombi 300 kwa kila dakika 5 kwa akaunti moja. Kupakia picha na video kuna kikomo chake cha pembeni, mara 30 kwa dakika 30. Reddit inahesabu kwa programu iliyosajiliwa, maombi 100 kwa dakika. Bluesky inahesabu kwa anwani ya IP, maombi 3,000 kwa dakika 5, na kwa anayeandika kuna pointi juu yake: kuunda kitu ni pointi 3, kukihariri 2, kukifuta 1, na hutakiwi kuzidi pointi 5,000 kwa saa.

YouTube haihesabu maombi, inahesabu gharama. Mradi mpya unaousajili Google unapewa uniti 10,000 kwa siku, na zinaliwa kama uniti za LUKU: pasi na taa havili sawa. Kusoma maelezo ya video ni uniti 1. Kutafuta kwa search.list ni uniti 100. Asiyejua tofauti hiyo anamaliza mgao wa siku nzima kwa utafutaji 100 tu.

Hatua ya 2: Soma vichwa vya jibu

Kila jibu la seva linatanguliwa na mistari ya maelezo, ndiyo vichwa vya jibu. Kwa Mastodon utaona hivi:

```
X-RateLimit-Limit: 300
X-RateLimit-Remaining: 12
X-RateLimit-Reset: 2025-03-04T09:35:00.000000Z
```

Yaani ulipewa 300, umebakiza 12, na hesabu itaanza upya saa 9:35 kwa saa za UTC (saa za kimataifa), ambayo Dar es Salaam na Nairobi ni saa sita na dakika thelathini na tano mchana.

Hapa kuna mtego. Mitandao mingine ina kichwa chenye jina karibu hilohilo lakini thamani yake ni kitu kingine. Kwa Reddit, Reset ni sekunde zilizobaki. Kwa X (zamani Twitter), ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwaka 1970. Ukichukua msimbo wa mtandao mmoja ukaubandika kwenye mwingine, programu inaweza kulala miaka au isilale kabisa. Chapisha vichwa vyote kwenye skrini mara ya kwanza, uvione kwa macho yako.

Hatua ya 3: Simama kabla hujasimamishwa

Msimbo huu wa Python ni wa Mastodon:

```python
import time, random
from datetime import datetime, timezone

def subiri(jibu):
    baki = int(jibu.headers.get("X-RateLimit-Remaining", 300))
    if baki > 5:
        return
    maandishi = jibu.headers["X-RateLimit-Reset"]
    mwisho = datetime.fromisoformat(maandishi.replace("Z", "+00:00"))
    sekunde = (mwisho - datetime.now(timezone.utc)).total_seconds()
    time.sleep(max(0, sekunde) + random.uniform(1, 5))
```

Iite baada ya kila ombi. Yakibaki maombi 5 au pungufu, inalala mpaka muda mpya uanze, kisha inaongeza sekunde chache za nasibu. Usiziondoe hizo. Programu nyingi zikiamka sekunde ileile zinaipiga seva kwa pamoja, na seva nyingi za Mastodon ni mashine ndogo zinazoendeshwa na mtu wa kujitolea kwa michango. Tuwaonee huruma.

Ukikuta 429 licha ya hayo, angalia kwanza kama kuna kichwa Retry-After, kinachosema usubiri muda gani. Kikiwepo, kitii kama kilivyo. Kisipokuwepo, ongeza subira maradufu kila jaribio: sekunde 5, 10, 20, 40, huku ukichanganya nasibu, na uweke ukomo wa majaribio. Kitanzi kisicho na mwisho kinachogonga mlango uliofungwa ndicho kinachofanya akaunti zifungiwe moja kwa moja.

Hatua ya 4: Punguza maombi yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoomba muisome mara mbili, maana ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko nyingine zote.

Chukua gazeti dogo la mtandaoni linalofuatilia chaneli 40 za YouTube, likitaka kujua kila saa kama kuna video mpya. Wengi hukimbilia search.list kwa kila chaneli. Piga hesabu: chaneli 40 mara saa 24 ni maombi 960, na kila moja uniti 100, jumla uniti 96,000 kwa siku. Una 10,000. Mzunguko wa tatu utakatika katikati, na siku nzima iliyobaki huna kitu.

Sasa njia nyingine. Kila chaneli ina orodha yake maalumu yenye video zote ilizopakia. Unaipata kwa channels.list, ukiomba sehemu ya contentDetails, ambamo kuna relatedPlaylists.uploads. Kazi hiyo ni ya mara moja tu kwa kila chaneli, kwa uniti 1, na kitambulisho chake unakihifadhi. Kuanzia hapo unaita playlistItems.list, nayo ni uniti 1. Maombi ni yaleyale 960, lakini gharama ni uniti 960. Taarifa ni ileile, kwa sehemu moja ya mia ya gharama.

Na ukitaka idadi ya watazamaji, usiulize video moja moja. videos.list inapokea vitambulisho 50 kwa pamoja, ukivitenganisha kwa mkato, na bei inabaki uniti 1.

Kwa Mastodon fikra ni hiyohiyo. Usipotaja kitu, ukurasa mmoja wa machapisho unaleta 20. Weka limit=40, ambacho ndicho kiwango cha juu, na maombi yako yamepungua nusu. Hifadhi kitambulisho cha chapisho la mwisho ulilolipata, na safari ijayo kitume kama min_id ili uletewe mapya tu. Kuanza upya kila siku kutoka mwanzo ni kulipia tena kitu ulicho nacho ndani.

Hatua ya 5: Andika ulipofikia

Fupi lakini muhimu: kila ukurasa ukishapatikana, uandike kwenye hifadhidata pamoja na alama ya unaofuata. SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, inatosha kabisa. Umeme ukikatika au bando likiisha, unaendelea pale ulipoachia, na hutumii mgao kurudia kazi iliyokwisha.

Karibuni kwa maswali.

---

Swali: Shukrani sana mkuu kwa somo. Nimeandika msimbo wangu mwenyewe kwa kufuata hatua ya 3, ila programu haisubiri hata kidogo. Inafika kikomo, inaendelea kupiga, inapata 429 mfululizo. Nilitumia datetime.now() bila kitu ndani ya mabano, na alama ya Z niliifuta kabisa.

Jibu: Tatizo liko kwenye hizo saa tatu kati yetu na UTC, mkuu. Seva inakwambia 9:35, kompyuta yako iliyo Dar inasoma 12:31. Ukitoa unapata hasi, karibu saa tatu nyuma, programu inaamini muda umeshapita na haisubiri. Rudisha timezone.utc ndani ya mabano, na Z igeuze kuwa +00:00 badala ya kuifuta. Hakikisha pia saa ya kompyuta inajirekebisha yenyewe kwa intaneti, maana ikichelewa dakika nne tu, utalala karibu mara mbili ya muda uliotakiwa.

Swali: Naomba kuuliza, kwani nikifungua miradi mitatu huko Google si nitakuwa na uniti 30,000? Jamaa yangu anafanya hivyo.

Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu. Sera za YouTube kwa waandaa programu zinakataza waziwazi kugawanya programu moja kwenye miradi kadhaa ili kukwepa mgao. Wakikugundua, unaweza kupoteza yote mitatu. Fuata kwanza hatua ya 4, maana wengi wanaodhani wanahitaji 30,000 hawafiki hata 2,000. Ukiishiwa kweli baada ya hapo, ipo fomu rasmi ya kuomba nyongeza, ambayo huambatana na ukaguzi wa programu yako. Andika wazi unachofanya na data hiyo.

Swali: Mwalimu, mimi YouTube hainipi 429. Inanipa 403, nikadhani ufunguo wangu umezuiwa, nikaunda mwingine. Asubuhi ule wa kwanza ukafanya kazi wenyewe!

Jibu: Haukuzuiwa, dada. Mgao wa siku ukiisha, YouTube inajibu 403, na ndani ya jibu kuna sababu imeandikwa quotaExceeded. Fanya programu yako isome sababu hiyo badala ya kuishia kwenye namba. Kuongeza subira maradufu hakusaidii hapa, kwa sababu mgao unarudi mara moja tu kwa siku, usiku wa manane kwa saa za Pasifiki za Marekani. Kwetu Afrika Mashariki ni saa nne asubuhi wanapokuwa kwenye saa za kiangazi, na saa tano asubuhi miezi mingine. Kazi nzito ipange ianze muda huo, ukiwa na uniti zote mkononi.

Swali: Nina boti ya Telegram ya kutuma bei za mazao kwa wakulima kama 4,000. Ikifika mia kadhaa inakwama. Nifanyeje?

Jibu: Kazi nzuri sana hiyo. Telegram inashauri boti isizidi takriban ujumbe 30 kwa sekunde kwa watu tofauti, ujumbe 1 kwa sekunde kwa mtu mmoja, na 20 kwa dakika ndani ya kikundi kimoja. Tuma 25 kwa sekunde, wote 4,000 watakuwa wamepata ndani ya dakika tatu. Ukikataliwa, idadi ya sekunde za kusubiri iko ndani ya jibu lenyewe, kwenye parameters, kwa jina la retry_after. Weka alama kwa kila mkulima aliyekwisha kupokea, ili ukirudia asipate bei ileile mara mbili akachanganyikiwa. Na kama ujumbe ni uleule kwa wote, fikiria kufungua chaneli: unatuma mara moja, wote wanasoma.

Swali: Natumia intaneti ya simu. Wakati mwingine nakutana na 429 kwenye ombi la kwanza kabisa la siku. Inawezekanaje?

Jibu: Inawezekana. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na ukiomba bila kujitambulisha unahesabiwa pamoja nao wote. Sajili programu, pata tokeni (ufunguo wa kukutambulisha), itume kwa kila ombi, na kwa Mastodon na Reddit utahesabiwa peke yako. Kwa Reddit jaza pia User-Agent, kichwa cha ombi kinachotambulisha programu, yenye jina la programu yako, toleo lake na jina la akaunti yako, kwani majina ya jumla kama lile linalokuja na maktaba ya Python wanayabana sana. Bluesky ndiyo inabaki kuhesabu IP hata ukiwa umeingia, hivyo kwa Bluesky weka programu kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake.